Mama Mkwe na Rozimari ya Chanji

Rozimari niliipata kwa masista. Nilikuwa nimewapelekea sare za watoto wa chekechea nilizowashonea, nikamkuta sista mmoja anapunguza kichaka kilichokuwa kimefika dirishani. Akafunga matawi machache kwenye kipande cha gazeti, akanikabidhi, akaniambia nichomeke tu udongoni, mmea ule haupendi kubembelezwa. Nilikuwa sijawahi kuuonja wala sikujua unafanya kazi gani. Lakini mtu aliyevaa shela jeupe akikupa kitu kwa mikono miwili, huwezi kumwambia hukihitaji.

Nyumba yetu iko Chanji, pembeni kidogo ya mji wa Sumbawanga, mahali ambapo baridi ya Juni na Julai huunguza majani ya viazi yakawa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Nilidhani na matawi yale yatakufa. Badala yake yalishika kama yamerudi kwao. Nikapata hamu. Dada yangu anayeuza chai stendi ya Laela akanitumia shina la mchaichai kwa basi, limefungwa ndani ya soksi. Jirani yangu, mama mtu mzima wa familia ya Kiislamu yenye duka mtaani kwetu, akanigawia mnanaa na mbegu za giligilani. Nikavipanda vyote mbele ya nyumba, kwenye ndoo za rangi zilizopasuka na mabeseni yaliyotoboka, pale ninapoviona nikiwa kwenye cherehani.

Mume wangu ni dereva wa lori la mahindi. Kila aliporudi kutoka Tunduma alikuta chombo kingine kimejazwa udongo. Maswali yake yalikuwa yale yale: majani haya nani atayala, na beseni la kufulia liko wapi.

Basi hivyo ndivyo bustani ilivyokuwa mama yake alipokuja kutoka Msanzi kutibiwa magoti. Alishuka kwenye basi na unga wa ulezi, kuku aliyefungwa miguu, na kigoda chake mwenyewe, kwa sababu viti vya mjini, alisema, humkalisha mtu kama anasubiri kunyolewa. Mimi na yeye tulikuwa hatujazoeana. Tangu niolewe, maongezi yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, habari za mashamba, na baada ya hapo kila mmoja alitafuta kazi ya kufanya.

Asubuhi ya kwanza alizunguka mabeseni yangu yote polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Hii ni nini?"

"Rozimari, mama."

"Inaliwa?"

"Inawekwa kwenye nyama."

Akainusa. "Nyama ikiwa imeharibika?"

Nikamweleza, kama masista walivyokuja kuniambia baadaye, kwamba ni ya kuleta harufu nzuri, na nyingine ni za chai, na watu wengine huzitumia mafua yakiwabana. Hakuridhika. Kwao, alisema, majani ya dawa hayapandwi, yanafuatwa huko yaliko. Ukiyapanda mlangoni yanakuwa kama mbwa aliyelelewa na watoto, hayabweki. Kisha akaweka kigoda chake katikati ya mabeseni, kwa kuwa jua la asubuhi hufika hapo kwanza, akajifunika shali, akaanza kuota jua. Akawa anakaa hapo kila siku.

Sasa, mama mzee wa Kifipa akikaa mbele ya nyumba amezungukwa na majani yanayonukia, watu hawapiti hivi hivi. Wa kwanza alikuwa mwanamke anayeuza maandazi, ambaye kila asubuhi hupita akikohoa. Alisalimia, akaulizwa habari za kwao, za watoto na za mvua, kisha akauliza jani lile linalonukia ni la nini. Mama mkwe alikuwa amesahau jina la rozimari na hakuwa tayari kukiri hivyo mbele ya mgeni.

"Ni la kifua," akasema.

Baadaye nilipomuuliza kwa nini alisema hivyo, alinijibu kwamba mwenye kifua ndiye aliyeuliza, angesema la nini? Tena mtu akisimama mlangoni kwako huwezi kumwachia aondoke mikono mitupu. Alimkatia kijitawi, akamwambia akachemshe, anywe maji yake yakiwa ya moto, ajifunike vizuri na asitembeetembee kwenye upepo. Yule mama akalala siku nzima kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Kikohozi kikaisha, kama vikohozi vya mafua vinavyoisha. Lakini maandazi yake huuzwa mtaa mzima, na habari ikauzwa nayo.

Wakaanza kuja. Nikiwa kwenye cherehani nilisikia kila kitu. Mama mkwe aliuliza maswali ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza mimi: unalala saa ngapi, unalala na hasira na nani, ulikula nini jana, na huyo aliyepika mnapatana? Wengine walikuwa wanapona katikati ya maswali. Wote walipewa rozimari, na rozimari ilipokonda wakapewa mnanaa. Magoti yakimuuma alikuwa anachanganya Kiswahili na Kifipa, na wale waliotoka mikoa mingine walichukulia kwamba kile Kifipa ndiyo dawa yenyewe. Kuna mmoja alimwomba arudie ili arekodi kwenye simu. Kumbe mama mkwe alikuwa amesema tu kwamba mguu umekufa ganzi, amsaidie kusimama.

Nilijaribu kuzuia. Nilikuwa natoka nje na futi yangu shingoni, nawaambia watu kwa heshima kwamba hiki ni kiungo cha nyama. Waliniitikia kwa heshima vile vile. Dereva mmoja wa bodaboda akaniambia, "Sawa dada, tumekuelewa. Mambo ya nyumba hayatangazwi." Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kuamini. Walituletea mayai, viazi, maboga, mpaka bata aliyekuwa akinifukuza kila nilipokwenda kuanika nguo.

Mume wangu alizipata habari akiwa bado yuko njiani. Jina la mji wetu huko nje linajulikana kwa uchawi, na madereva wenzake hawaishi kumtania kwamba Sumbawanga mtu hasafiri kwa basi, anasafiri kwa ungo. Siku hiyo walimpongeza kwa mke wake kufungua nyumba ya uganga. Alifika nyumbani uso umekunjamana, akaketi na mama yake kuongea kiume. Nilisikia maongezi yakianza kwa sauti ya juu, halafu yakashuka. Alipoingia ndani alikuwa ameshika kijitawi cha rozimari. Akasema ni cha mgongo, kwa sababu ya ile barabara.

Mambo yaliharibika Jumapili moja baada ya misa. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama mpole asiyependa kumuudhi mtu, alikuja akakaa kwenye ukingo wa kiti. Sala ya jumuiya ya Jumamosi ilikuwa imepangwa kufanyika kwetu. Alizungukazunguka sana, akasifu mapazia, akauliza magoti ya mama, mwishowe akasema kuna wanajumuiya wanaosita kuja kusali kwenye nyumba ya mganga.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Alilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, maana walioletwa na shida zao hawakuwahi kumtamkia. Mgeni alipoondoka aliingia chumbani na rozari yake, na mchana hakula. Nilimpelekea chai nikamkuta ameketi kitandani, mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Nimefua vitambaa vya altare mpaka vidole vimepinda," akasema. "Nimekuja mjini kutibiwa, naitwa mganga."

"Lakini mama, ulikuwa unawagawia majani tu."

"Ndiyo nashangaa. Ningekuwa mganga si ningekuwa na dawa?"

Nilitaka kucheka, ila machozi yalikuwa yanamlengalenga, nikaketi kando yake. Nilijisikia vibaya kwamba siku zote zile nilikuwa nawaza rozimari yangu inavyonyonyoka, sikuwaza jina lake yeye.

Alipomaliza chai alikuwa amepata shauri. Jumamosi watu waje. Tutawapikia majani yale yale, wayale kwa macho yao wenyewe, ndipo watakapojua ni mboga kama mboga nyingine. Nilimwambia wazo ni zuri, ila rozimari ni kali, inatiwa kidogo sana. Akanijibu kwamba tukitia kidogo watasema nyingine tumeificha.

Alitia yote. Maharage yalikuwa kwenye sufuria kubwa tuliyoazima, ya harusini, na humo ndani akashindilia rozimari na vijiti vyake, mnanaa wote, mafungu ya mchaichai yasiyokatwa, na giligilani iliyobaki juu kama kofia. Yalichemka tangu asubuhi. Harufu ilitoka nyumbani kwetu, ikavuka barabara. Jirani yangu wa dukani alimtuma mtu aulize kama tumemwaga sabuni ya choo na kama tunahitaji msaada.

Hakuna aliyesita kuja. Walikuja hata wale ambao tulikuwa hatujawaona kwenye sala tangu Pasaka, na katekista mwenyewe. Baada ya sala mama mkwe alisimama, kitenge kipya, rozari mkononi, akawaambia kwamba yeye ni Mkristo na mkulima, hajui uganga, majani yanayosemwa ni ya jikoni, na leo watayala. Watu wakasema amina. Tukagawa ugali na maharage.

Nilionja yangu. Ilikuwa kama kula maharage ndani ya kabati la nguo. Nikainua macho. Chumba kizima watu walikuwa wanatafuna kwa uangalifu na kutoa vijiti midomoni kwa adabu. Katekista alikuwa amefumba macho. Mzee mmoja alikuwa anafuta jasho la kipaji cha uso.

"Inafungua," akasema yule mzee.

Mwanamke aliyekuwa kando yake akakubali, akasema yeye anaisikia inashuka mpaka kwenye miguu. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikaelewa. Watu hawa walikuwa wamekula maharage maisha yao yote. Walijua maharage hayawezi kuwa mabaya kiasi kile bila sababu.

Mwenyekiti wa jumuiya akaweka sahani chini, akainama kuelekea kwa mama mkwe, akauliza kwa sauti ya chini ya heshima, "Mama, hii inatumiwa kabla ya chakula au baada?"

"Hiki ndicho chakula," akasema mama mkwe.

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo zito kuliko alivyotegemea. Waliondoka wamebeba mabaki kwenye vikopo na mifuko. Katekista aliomba cha mke wake, ambaye hakuweza kuja.

Walipokwisha kuondoka, nilimkuta mama mkwe jikoni, ameketi kwenye kigoda mbele ya sufuria. Alikuwa hajaonja. Tangu asubuhi alikuwa anahudumia, na mimi nilimwonea haya kumwambia. Akachota kijiko, akatafuna muda mrefu, akameza kwa shida, akanitazama.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama."

"Ulininong'oneza."

Kisha akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu niingie ukoo ule. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, halafu sauti ikatoka na shali likaanguka, akashika magoti yake yenye maumivu akayapiga. Kila alipojaribu kunyamaza, nilisema "kabla au baada" na tukaanza upya, mpaka tukaegemeana.

Jirani yangu wa dukani alibisha hodi akatukuta hivyo. Alikuja kuhakikisha tuko hai. Tukamhadithia huku tukikatishana. Alifunua sufuria, akaifunika tena bila kuonja, akasema mnanaa haujawahi kumkosea mtu yeyote, kwa nini tumeufanyia vile. Alimshika mama mkwe mkono akampeleka kwake, akampikia chai ya mnanaa na kumkatia kachumbari ya giligilani. Tangu hapo walikuwa wote. Asubuhi jirani alileta kiti chake akakaa kando ya kigoda, na mtu akija na kifua chake au mgongo wake, mama wa dukani alimjibu kabla hajamaliza salamu, kwa sauti ile ile ya kumnyima mtu mkopo: zahanati iko kule. Hakuna aliyebisha. Mama mkwe alibaki na kazi aliyoipenda zaidi, ya kuuliza maswali, kisha naye akawaelekeza kule kule.

Magoti yalipata nafuu kwa mazoezi na vidonge alivyopewa hospitali. Mvua zilipokaribia alitaka kurudi akaandae shamba. Tulimsindikiza stendi na mashina ya mnanaa na mchaichai kwenye ndoo ndogo, ambayo alikataa kabisa isipandishwe juu ya basi. Alikaa nayo mapajani. Nilipomuuliza kama mimea ile ataipanda mlangoni au atakwenda kuitupa porini ikajifunze kubweka, alinifinya shavu.

Sasa hivi hupiga simu Jumapili baada ya misa. Zamani alimpigia mwanawe, na mimi nilipewa simu mwishoni nitoe shikamoo. Siku hizi hupiga yangu. Tunaanza na majani, nani ameharibiwa na baridi na nani ameota, halafu tunaingia kwenye habari za watu, na hapo hatuna haraka. Mume wangu akiwa nyumbani hukaa kando na sahani yake, akisubiri zamu ya kuongea na mama yake. Mara nyingi salio linaisha kabla hajafikiwa.