Kiti cha Mama

Juzi, kwenye maonyesho ya magari hapa Arlington, mzee mmoja alinizuia nisiguse kiti chakavu ndani ya gari la zamani lililong'arishwa kila mahali. Nikamkumbuka baba.

Siku moja nilipokuwa mdogo, gereji yetu ilinuka gundi. Baba alikuwa amevivika ngozi mpya viti vyote vya gari lake kuukuu, isipokuwa kile alichokuwa akikalia marehemu mama. Nilidhani amechoka. Alipoingia ndani kuswali alasiri, nikakisugua kwa sabuni mpaka harufu ya udi wa mama ikaisha.

Aliporudi alikiinamia, akavuta pumzi.

"Kimetakata, baba?"

"Kimetakata, mwanangu. Ahsante."

Machozi yalimtiririka. Nilidhani ni gundi inamchoma macho, nikaufungua mlango wa gereji wote, hewa itoke.