Plagi Nyeupe za Mjomba Elieza

Sisi tuliokulia Same enzi zile upepo ukipeperusha vumbi mpaka ndani ya sufuria ya makande, tulicheza na kilichokuwepo. Wenzangu walicheza rede kwa mpira wa soksi. Mimi nilichezea plagi za injini, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa magari na uwanja wa nyumba yetu ndio uliokuwa gereji yake.

Kila alipofungua injini ya petroli aliniita. Alizipanga plagi juu ya gunia, ile ya kwanza mpaka ya nne, akaniuliza kila moja inasema nini. Iliyojaa masizi meusi, injini inakunywa petroli kupita kiasi. Iliyolowa na kung'aa, oili inapenya. Yenye rangi ya chai ya maziwa, gari ni zima. Na nyeupe?

"Nyeupe ni homa," alikuwa akisema baba. "Petroli haifiki ya kutosha, injini inaungua ndani kwa ndani. Mwenye homa usimpandishe mlima."

Vijana wa leo wanachomeka waya, simu inawaambia ugonjwa. Ikizima chaji, nao wamezimika. Sisi tulisoma kwa macho na pua, na makosa yalijibiwa kwa konzi.

Jumamosi moja baba alikuwa amekwenda Hedaru kumkwamua mwenye lori. Mjomba Elieza, kaka yake mama, akaja na pikapu yake kutuchukua twende Mbaga, kwa bibi, ambako binamu yangu angepata kipaimara kesho yake. Gari lilikuwa linakosakosa, mara linashika mara linakatika. Mjomba hakuwa fundi, lakini hakuwa mtu wa kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Akachukua spana ya baba, akazifungua plagi mwenyewe.

Nilisogea. Zote nne zilikuwa nyeupe kama chokaa, na ya tatu ilikuwa na vichembe vidogo vya alumini vilivyoyeyuka kwenye ncha. Sikuwahi kuona vichembe vile, ila nilikuwa nimesimuliwa: ni pistoni inayeyuka.

Mjomba akazinyanyua kwenye jua, akanigeukia akitabasamu. "Unaona, mama? Safi kabisa! Hazina hata doa."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nyumbani kwetu mtoto hakumkosoa mkubwa. Bibi alitufundisha kwamba mdomo wa mtoto ni wa kulia chakula na kuitikia. Mjomba akazirudisha plagi, akazikaza, akafunga boneti.

Tukapanda nyuma: mama akiwa na mdogo wangu mgongoni, mimi, wanawake wawili wa kanisani, na mzee mmoja mwalimu mstaafu, pamoja na magunia ya mchele wa sherehe. Mpaka Mwembe barabara ilikuwa tambarare, nikaanza kujidanganya kwamba labda nimekosea. Kisha tukaanza kupanda.

Kona ya tatu niliusikia mlio, kama kokoto zikitikiswa ndani ya debe. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili vilele vya migomba chini kabisa ya miguu yetu. Upepo ulikuwa wa baridi.

"Mama," nikanong'ona, "injini ina homa."

"Kaa utulie. Mjomba wako anaendesha tangu hujazaliwa."

Nikakaa. Nilihesabu kona. Harufu ya kuungua ikaja, wale wanawake wakaziba pua na kuendelea na pambio lao. Mimi peke yangu ndani ya gari lile nilijua.

Kikasikika kishindo kimoja. Moshi wa buluu. Halafu kimya, na katika kimya kile gari likaanza kurudi nyuma.

Breki za pikapu ile zilipata nguvu kutoka kwenye injini. Injini ikifa, nazo zinakuwa ngumu kama jiwe. Nilimsikia mjomba akizikanyaga huku akipiga kelele, "Jiwe! Wekeni jiwe!" Mwalimu akaruka, akasukumiza jiwe nyuma ya gurudumu. Gari likalipanda, likalivuka. Niliona ukingo ukija. Mama alinikumbatia kichwa nisione zaidi.

Mjomba akakata usukani kuelekea mlimani. Tuligonga ukuta wa udongo, gari likalala ubavu, magunia yakatufunika. Nilisikia mtoto akilia, nikamshukuru Mungu kwa kilio kile. Mama hakulia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Siku chache baadaye baba aliifungua ile injini. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Nani alitazama plagi?"

"Mimi, shemeji," mjomba akajibu akiangalia chini. "Zilikuwa nyeupe. Nikajua ni usafi."

Baba akanigeukia. "Nawe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, baba."

Nilingoja fimbo. Hakuinua mkono. Alisema polepole, "Heshima ni kusema kwa adabu, mwanangu. Si kunyamaza." Fimbo ingeniuma siku moja tu.

Mkono wa mama uliunga vibaya. Mpaka anazeeka hakuweza kujifunga kilemba mwenyewe. Nilimfunga mimi, na kila nilipomfunga sikuthubutu kumwambia nilichokiona siku ile.

Mwezi uliopita nilikuwa na binti yangu kwenye basi dogo la kwenda Mwanga. Dereva alikuwa anakimbiza gari. Mtoto huyo wa miaka kumi akasimama kati ya watu wazima, akapaza sauti, "Shikamoo dereva! Punguza mwendo, tunaogopa!"

Bibi mmoja akaguna kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Zamani tusingethubutu, akasema, na ni kweli. Dereva alinung'unika, lakini akapunguza. Nilimvuta mwanangu karibu yangu, nikatazama dirishani ili asione machozi.