Spika ya Chumba cha Mama

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bangwe aliniletea boksi la santuri. Nyumba ya babu yake inabomolewa, akazikuta darini zimefungwa ndani ya gunia la mkonge. Vijana wa huku wananijua. Wanaambiana ukikuta sahani nyeusi za wazee usizitupe, mpelekee yule mama muuza mawese wa Ujiji, kichwa chake hakijatulia lakini hutoa soda na chochote. Nikakaa barazani nikazifuta moja moja kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Nyingi zimepinda kwa joto la bati, hazifai hata kufunikia mtungi. Ya mwisho, ndani ya karatasi iliyoliwa na mende, ilikuwa ile. Kibandiko chekundu, na chini yake neno dogo: mono.

Nimeitafuta sahani hiyo, rafiki yangu, tangu nilipoanza kushika senti yangu mwenyewe. Ya stirio ninayo, imo humu ndani tangu utoto wangu, na ingekuwa heri isingekuja. Ya mono ndiyo niliyokuwa sina. Shule niliishia darasa la nne, usitegemee nikueleze kwa maneno ya wataalamu. Nitakueleza kama nilivyosikia kwa masikio haya.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na chokaa, kama nyingi za Ujiji ya zamani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, jiko uani. Baba alikuwa akiuza mawese, kwa hiyo nyumba nzima ilinuka mawese, mpaka mito ya kulalia. Alikuwa na wake wawili. Mama yangu, bi mkubwa, alikaa chumba cha upande wa ziwa. Mama mdogo alikaa chumba cha upande wa barabara. Na baba alikuwa mtu wa haki mpaka watu wakamcheka. Akileta samaki, migebuka ya ziwani, sawa huku na huku, na kama mmoja ni mnene zaidi anaukata kipande anakila mwenyewe. Akinunua khanga, doti mbili za rangi moja. Alikuwa akisema mwanamume anayegawa kwa kukadiria atalala nje.

Mashine ya santuri aliileta baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli za kwenda ng'ambo, Kongo. Baba mdogo alisoma, alijua na Kifaransa cha bandarini. Baba hakujua kusoma hata jina lake. Mashine ilikuja na spika mbili, na baba akafikiri kama mtu yeyote wa mtaa wetu angefikiri: spika mbili, wake wawili. Mashine ikakaa ukumbini kando ya kiti chake cha uvivu, ikila betri ya gari. Waya mmoja ukapitishwa juu ya mlango wa mama, mwingine juu ya mlango wa mama mdogo. Kila mke na spika yake chumbani. Mtaa mzima ulikuja kuangalia, na wanaume wengine walirudi kwao wakiwa na kazi ya kujieleza.

Wakati ule santuri zote za baba zilikuwa za mono. Mono maana yake spika zote zinatoa kitu kilekile: sauti, magitaa, ngoma, vyote vimebanana kama dagaa kwenye karai. Baada ya swala ya alasiri baba aliweka sahani, na huku ukasikia wimbo na kule wimbo uleule. Tulioupenda zaidi ulikuwa wa ng'ambo, kwa Kiswahili chao kile cha kuvuta, mwanamume anamwomba mkewe msamaha. Mama anachambua sombe, majani ya muhogo, kizingitini mwa chumba chake, mama mdogo anasuka ukili upande wa pili, wanaimba wakipokezana na hawaonani. Sisi watoto tukikatiza ukumbini tulikuwa tunapita katikati ya sauti zao. Sijapata tena mahali pazuri kama pale.

Kisha safari moja baba mdogo alirudi na sahani mpya, jalada linang'aa. Wimbo uleule, umepigwa chapa upya, stirio. Akamwambia baba zile za zamani ni mali iliyokwisha, mjini hakuna tena anayezisikiliza. Akaiweka, akainama, akasukuma kidude kidogo nyuma ya mashine kwa ukucha. Nilimwona. Baba alipokaa kitini, katikati ya milango miwili, alifumba macho. Alisema ni kama wapigaji wenyewe wameingia ukumbini, mwingine kasimama huku, mwingine kule. Siku hiyohiyo baba mdogo alibeba rundo lote la mono, kwa kubadilishana na mpya ile na nyingine chache, akaenda nalo bandarini.

Sasa sikiliza. Stirio inagawa. Na santuri za kipindi kile ziligawa kwa shoka: spika hii waimbaji, spika ile magitaa na ngoma. Baba, aliyekaa katikati, alipata wimbo mzima, mtamu kuliko mwanzo. Upande wa barabara, kwa mama mdogo, yule mwanamume aliingia na msamaha wake wote. Upande wa ziwa, kwa mama yangu, ziliingia ngoma na gitaa la ridhimu. Maneno hayakuja.

Mama alidhani spika imeharibika. Aliipiga kofi, akaisogeza, akavuta waya. Baadaye akasimama tuli, akasikia kwa mbali, kupitia ukumbini, mwanamume akiomba msamaha chumbani kwa mwenzake. Aliketi kitandani, mikono mapajani, mpaka sahani ikaisha.

Alimwambia baba. Baba akajibu, "Mbona mimi naisikia yote?" Akamwambia tena kesho yake, na keshokutwa, na jibu likawa hilohilo, kwa sababu ndivyo alivyosikia kweli. Hili ndilo kosa lake, nami nalitaja ingawa ni baba yangu: hakuinuka kitini akaingia chumba kile akasikiliza. Mtu aliyekata migebuka ili mizani ikae sawa alishindwa kuvuka kizingiti.

Mama mdogo alijaribu. Alisimama mlangoni mwake akaita, "Dada, njoo kwangu tusikilize wote." Nia yake ilikuwa njema, najua, ndiye aliyekuja kunilea. Lakini bi mkubwa aende kukaa mkeka wa mwenzake ili akaombwe msamaha huko? Mama alijibu kwamba ana kazi.

Jirani wa nyumba ya nyuma naye nisimwache, maana alikufa akisifiwa kwa utu wema. Alikuja kuomba chumvi. Akatega sikio huku, akatega sikio kule, akakunja mdomo.

"Pole, bi mkubwa. Mwenzio anaombwa msamaha, wewe unapigiwa ngoma."

Kabla ya magharibi maneno hayo yalikuwa yamefika bombani. Mama akienda kuchota maji, mtu anagonga ndoo tupu, du du du, wengine wanaficha nyuso kwenye khanga. Mama yangu alikuwa mtu wa Ilagala, watu wa kwao hawagombani hadharani. Alipanga foleni yake, akajitwisha ndoo yake, akarudi.

Aliomba jambo moja tu, spika zibadilishane vyumba, hata kwa zamu, kama baba mwenyewe alivyokuwa akienda kwa zamu. Lakini baba naye alikuwa ameshakisikia kicheko cha bombani, na mwanamume akishachekwa hutafuta wa kumlipisha. Akasema nyumba hii anaiendesha yeye, haiendeshwi na midomo ya wanawake. Mama akaomba basi zile za zamani zirudi. Zilikuwa zimeshauzwa ng'ambo.

Asubuhi alifunga nguo fundo moja, akambeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono. Hakumuaga baba. Mama mdogo alitukimbilia mpaka ufukweni na dumu la mawese, anahema, analia, akasema wapelekee wazee. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Nashukuru walau hilo nililiona.

Boti ya Ilagala ilikuwa imeshapakia saruji na makreti ya soda, kisha ndiyo wakaanza kutupakia sisi. Nahodha alimwambia mwenye boti kwamba maji yako karibu na ukingo. Mwenye boti alijibu ziwa limelala, endeni. Yeye hakupanda, alibaki nchi kavu akipiga mswaki. Karibu na mdomo wa Malagarasi, pale maji mekundu ya mto yanapoingia ziwani, upepo ulitukuta ubavuni. Saruji ilihama upande mmoja, na sisi tukaifuata. Sina maneno mengi hapa. Mawese huelea, dumu likaibuka nikalikumbatia. Nilimwona mama mara moja, anahangaika kulifungua fundo la khanga kifuani ili amtoe mtoto mgongoni. Halafu wimbi likapita, na lilipopita palikuwa na maji.

Wavuvi waliniokota. Mama hakupatikana, wala mdogo wangu. Mwenye boti alinunua boti nyingine. Nyumba yake bado ipo, wajukuu wanaipangisha, na mbele wameandika kwamba Mungu ni mwema.

Baba alichomoa betri akaiuza. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akikaa kiti kilekile, na mpaka tunamtoa kwenda kumzika hakuwahi kuingia chumba cha upande wa ziwa.

Nilipokuwa mtu mzima nilimpelekea fundi redio wa Kigoma mjini ile mashine. Aliisafisha, akanionyesha kile kidude cha nyuma. Ukikisukuma huku, hata sahani ya stirio hutoa kitu kimoja spika zote. Nikamwambia arudie. Akarudia, akacheka kwamba mbona mama unanikodolea macho. Nikamlipa nikatoka nje nikakaa ukingoni mwa mtaro.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kununua. Kila wimbo nautafuta mara mbili, mono na stirio. Nimerudisha spika mahali pake, moja huku, moja kule. Naweka mono kwanza, naenda kukaa chumba cha mama: ngoma ni nzito, na mwimbaji yuko karibu kama mtu anayekunong'oneza shingoni. Naweka stirio, narudi palepale: gitaa, ngoma, na ukibana pumzi sana, kivuli cha sauti, kama mtu anaongea nyumba ya pili. Hicho ndicho alichosikia. Watu wanadhani najiburudisha.

Baba mdogo yu hai. Ni mzee sana, wanawe wako Dar es Salaam na simu zao hazishikiki, anakaa kwangu, chumba cha upande wa barabara. Mimi ndiye ninayemlisha. Siku ile ya boksi nilimtoa ukumbini nikamkalisha, nikampa ugali wa muhogo na kipande cha mgebuka, nikampigia mono, kisha stirio. Alikuwa akitikisa kichwa kwa mahadhi. Ilipokwisha nikamuuliza.

"Baba mdogo, kile kidude cha nyuma ulikijua kazi yake?"

Alitafuna mpaka akamaliza. "Nilikijua, mwanangu. Ningemwonyesha kaka, ile mpya ingelia sawasawa na ya zamani. Angeona hakuna jipya, angetaka zake zirudi, na mimi nilishazipatia mteja." Akatoa mwiba wa samaki mdomoni, akaufuta kwenye ukingo wa sahani. "Nani angejua mwanamke atapanda boti kwa sababu ya wimbo?"

Kisha akaomba maji. Nikampa.

Nyumba zile zinaondoka moja moja, za tofali zinaingia, kila chumba kina televisheni yake na mlango umefungwa. Ilagala siku hizi watu wanakwenda kwa barabara. Tunaomjua mama yangu tumebaki wawili, na mmoja ni huyo. Majirani wananihimiza nimsamehe, mzee huyu ni wa kesho na keshokutwa.

Siku yake ikifika, mimi ndiye nitakayekoka moto wa msiba. Nitasonga ugali, nitaunga migebuka kwa mawese yangu mwenyewe, watu wale, washibe, wasimulie jinsi alivyokuwa mcheshi na mtu wa safari. Wanaume watambeba, watamlaza ubavu udongoni, na mtu ataweka jiwe kichwani ili wanawe wakija wapajue. Yeye atakuwa na mahali.