Jalada Ndani ya Gunia la Korosho

Nilikuwa mtunza masjala ya siri katika ofisi moja ya serikali, na ofisi yenyewe sitaitaja. Masjala ya siri ni chumba cha majalada ambayo hata mfagiaji haruhusiwi kuyafuta vumbi. Chetu kilikuwa kidogo, kina dirisha moja la nondo linalotazama korido, makabati matatu ya chuma na meza yangu. Ufunguo tulikuwa nao wawili tu, mimi na mkuu wangu, na kwa ajili ya ufunguo huo nilijiona mtu mzito. Nikitoka kwenda kunywa chai nilifunga mlango, nikautikisa mara mbili, na kama kuna mtu anapita kwenye korido nikautikisa mara ya tatu ili anione.

Watumishi wapya walipoletwa kwangu niliwapa somo lilelile. Jalada la siri halitoki nje ya jengo. Likitoka chumbani linasainiwa kitabuni, linabebwa mkononi, linarudi siku hiyohiyo. Binti mmoja aliwahi kuniuliza kama inakubalika kumalizia kazi nyumbani. Nilimkaripia mbele ya wenzake mpaka machozi yakamlengalenga. Leo nikimkumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwaka huo nesi wa zahanati moja ya kijijini alituandikia barua. Aliiandika kwa mkono, kurasa tatu, mistari imenyooka. Alisema dawa za zahanati zinatoka kwa mlango wa nyuma na anayezitoa ni mganga mfawidhi, yaani bosi wake. Akina mama wanafika na watoto wenye homa wanaambiwa dawa zimekwisha, wakati maboksi nesi mwenyewe kayapokea wiki hiyohiyo. Akataja tarehe, akataja dawa kwa majina. Chini kabisa, juu ya jina lake, aliandika: "Naomba nisijulikane, kwa sababu naishi nao."

Mkuu aliigonga barua ile muhuri mwekundu wa SIRI, akaifungulia jalada, akaniita. Wakaguzi wangeishtukiza zahanati ile Jumatatu. Kabla hawajaondoka alitaka dokezo la ukurasa mmoja mezani kwake. Nikasema, "Ndiyo mzee, hakuna tabu."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na ilikuwa msimu wa korosho. Nachingwea msimu huo Ijumaa mchana ofisi hubaki na walinzi, maana hakuna mtumishi asiye na mikorosho, na asiye nayo ana mama mwenye nayo. Mama yangu analima mbele ya Lionja, kijiji hichohicho chenye zahanati ile, na alikuwa ananisubiri nikamsaidie kuokota. Nililitazama jalada, nikaitazama saa, nikalitia jalada kwenye mkoba. Kitabu sikusaini. Ningesaini mbele ya nani, wakati mwenye kitabu ni mimi? Na niseme yote: njiani, juu ya bodaboda, nilifurahi kuwa na mkoba mgongoni wenye kazi ya serikali. Nilitaka watu wa kijijini waone.

Jioni mvua ya kwanza ikashuka. Nyumba ya mama inavuja upande ninaolala mimi. Kwa mama yangu karatasi za maana haziwekwi sandukuni, maana sanduku ni chakula cha mchwa. Zinachomekwa katikati ya gunia la ufuta au la korosho zilizokwisha kukauka. Humo hamna unyevu, mchwa hawaingii, na nyumba ikishika moto gunia ndilo la kwanza kutolewa nje. Cheti changu cha darasa la saba kilikaa kwenye ufuta mpaka nilipokwenda sekondari, na mpaka leo ukikinusa utajua. Basi nami nikafungua gunia moja la korosho, nikalichomeka jalada katikati, nikafunga. Mama alikuwa jikoni. Sikumwambia, maana jalada la siri halitajwi hata kwa mama.

Asubuhi na mapema simu ikaita. Mjomba wa mke wangu amefariki Ruangwa, anazikwa adhuhuri. Nikaondoka mbio. Nilizika, nikala wali wa msibani, nikaongea na shemeji zangu habari za mpira. Wakati huohuo kule kijijini chama cha msingi cha ushirika kilikuwa kinatangaza kwamba leo ndiyo mwisho wa kupokea korosho za mnada ule. Mama akamwita jirani yetu mwenye pikipiki, akampakilia magunia yake yote.

Nilirudi alasiri, nikamkuta jirani amekaa barazani kwa mama, uso umemchangamka.

"Kaka, wewe mtu wa serikali unasahau vitu namna hii?" akaniambia. "Karani wa chama kamwaga korosho kwenye turubai azikague, faili likadondoka. Tukasema jamani, mwenyewe si atahangaika! Karani akaisoma barua kwa sauti mpaka chini tupate jina. Kumbe ya nesi wetu! Basi, kwa kuwa wewe hukuwepo, nikaipeleka mwenyewe zahanati."

Nikamuuliza, "Umempa nesi?"

"Nesi hayupo, kaenda kwa mumewe huko huko Ruangwa ulikotoka. Nimemwachia mganga, si ndiye bosi wake, na mambo yenyewe si yanamhusu! Kapokea vizuri tu, kanipa na maji ya kunywa. Haijapungua hata karatasi moja, kaka, usiwe na wasiwasi."

Mama alitutazama kwa zamu. Kiswahili chake ni cha sokoni, mambo mazito anayasema kwa Kimwera, lakini uso wangu aliuelewa. "Mie nilijua korosho tupu, baba," akasema. "Ungenambia."

Nimewahi kusimulia hadithi hii kwa rafiki mmoja, na nilipofika hapo akacheka, nami nikacheka naye, tukaishia hapo. Mbele ya hapo sikuwahi kusimulia. Jalada kuingia kwenye gunia ulikuwa uzembe. Kilichofuata hakikuwa uzembe.

Simu nilikuwa nayo mkononi, ina chaji. Namba ya mkuu ilikuwemo. Kama ningempigia Jumamosi ile nikasema, "Mzee, barua imefika kwa mganga," wakaguzi wangekwenda Jumapili asubuhi, pengine jioni ileile. Nililijua hilo pale pale barazani, na nilijua pia kwamba nikipiga nitaulizwa jalada limefikaje kijijini. Nikairudisha simu mfukoni. Jumapili nzima nilishinda nikitunga maneno ya kujitetea. Nilimwambia mama tumbo linaniuma, akanichemshia majani ya mpera, na nikayanywa.

Jumatatu jalada lilinitangulia ofisini. Mganga alilileta mwenyewe, ndani ya bahasha safi ya kaki, akampa mkuu kwa mikono miwili. Akasema kuna kitu chetu kimeokotwa kijijini kwao, naye kama mtumishi mwenzetu ameona akirejeshe. Wakaguzi walikwenda kama ilivyopangwa. Walikuta rafu zimejaa, kila dawa iliyotajwa ipo mahali pake, na daftari la dawa limeandikwa vizuri. Waliandika taarifa kwamba tuhuma hazikuthibitika.

Hakuna aliyemkosea nesi kwa kelele. Alirudi kutoka Ruangwa bila kujua lolote, akasimama kwenye foleni ya bomba, na akina mama wakasogeza ndoo zao mbali na yake. Mama mwenye nyumba akamwomba kwa upole atafute chumba kingine. Watoto aliowachoma sindano na kukesha nao walivutwa mkono wakati wa kumwamkia. Wengi wa akina mama hao ndio alioandika barua kwa ajili yao. Lakini mganga alikuwa mwenyeji wao, ameoa kwao, na yeye alikuwa mgeni aliyeandika majina ya watu serikalini. Mwezi haukuisha, akahamishiwa Kilimarondo. Barua ya uhamisho ilisema ni kwa usalama wake. Niliipiga chapa mimi. Huko Kilimarondo tembo wanaingia mashambani, na kumfikia mumewe Ruangwa lazima upoteze siku nzima kwenye magari.

Na mimi? Iliundwa kamati ya watu watatu. Mmoja tulisoma naye, mmoja tunakaa naye meza moja wakati wa chai, wa tatu nilikuwa namdai fadhila, maana niliwahi kumtafutia jalada lake lililopotea. Wakaniambia niandike maelezo. Nikaandika kurasa mbili kuhusu mvua. Mvua ilikuwa ya ghafla, nyumba ilikuwa inavuja, nilichukua hatua za haraka kulinusuru jalada. Simu sikuitaja, na hawakuuliza. Mwenyekiti alipomaliza kusoma alisema, "Mvua ya mwaka huu kweli imetushtua," wenzake wakaitikia. Nikapewa onyo la maandishi.

Barua ya onyo iligongwa muhuri mwekundu na kuletwa masjala ihifadhiwe. Kwa utaratibu mtumishi hashiki jalada lake mwenyewe, lakini masjala ile ilikuwa na mtu mmoja tu. Niliipokea barua yangu ya onyo, nikaiandika kitabuni, nikaipa namba, nikaitoboa, nikaifunga kwa kamba, nikaifungia kabatini. Nikautikisa mlango. Ni jalada nililolitunza vizuri kuliko yote. Nesi aliandikiwa mistari miwili kwamba suala lake limeshughulikiwa.

Miezi ilipita. Asubuhi moja nilikuwa nachambua barua za posta, mtu akabisha hodi dirishani. Nilimtambua kwa sare yake ya unesi kabla sijamtambua kwa uso. Amekonda, viatu vimejaa vumbi jekundu, mkononi ana ndoo ndogo yenye mfuniko, ya chakula cha safari. Nikasimama.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri, dada. Karibu. Za Kilimarondo?"

"Tunaishi," akasema. Hakukaa, ingawa nilimwonyesha kiti cha pale koridoni. "Nimepita kwa mkuu, kaniambia mambo ya majalada niulize huku. Sikuja kuuliza nani aliitoa barua yangu. Hilo nalijua, na kijiji kizima kinalijua, gunia lilikuwa la mama yako. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Aliyeitoa alifanywa nini?"

Kabati lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, hatua mbili. Karatasi aliyoitafuta ilikuwa na aya tatu, na zote nilikuwa nazijua kwa moyo. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja: walinionya, na nipo hapahapa, na mshahara wangu ni uleule. Ningeweza kumwambia habari ya simu. Nafikiri ndicho alichokuwa amepanda magari tangu alfajiri kukifuata, mtu mmoja amwambie ukweli huku anamtazama usoni. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira pengine ningesema.

Nikasikia sauti yangu inatoka, ileile niliyokuwa nikifundishia watumishi wapya, nzito na iliyonyooka.

"Samahani, dada. Masuala ya nidhamu ya mtumishi ni ya siri. Siruhusiwi kuyatoa."

Nikashusha macho kwenye bahasha zangu, nikaanza kuzipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Kumbe unajua kutunza," akasema.

Akachukua ndoo yake. Alikuwa ameshafika nusu ya korido nami bado natafuta neno. Lililonijia ni moja tu, lile la mazoea, tunalomwambia kila anayeondoka pale dirishani, na nikalisema kwa sauti ya kutosha asikie.

"Karibu tena, dada."