Tatu Iliyofungwa Ikawa Nane

Shoga yangu, wewe nakuambia kwa sababu najua hutanicheka.

Enzi zile za ruksa, biashara zimefunguliwa, Kariakoo imefurika redio na mitumba, mimi nilikuwa nacheza sataranji kwa posta. Aliyenifundisha ni mwalimu wangu wa ngumbaro, masomo ya jioni ya watu wazima. Alipostaafu akarudi kwao Tabora, tukaendelea kwa kadi. Tulikuwa tunaandika namba tu: kete imetoka nyumba hii, imeenda nyumba ile. Na chini kila mmoja anaandika, "Mkono wangu." Yaani nimefikiri mwenyewe, sikusaidiwa. Kwangu mimi kile kilikuwa kiapo. Nilikuwa nakiandika nikiwa na udhu.

Wifi yangu alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja Mchafukoge. Walishaleta kompyuta, na ndani yake mna sataranji. Kadi zangu alikuwa ananipostia yeye.

Safari hiyo malkia wangu kabanwa. Nikamrudisha nyuma, mstari wa tatu, ajifiche. Jibu la mwalimu lilipokuja nikalisoma, nikarudia: "Mwanangu, malkia mpaka mstari wa nane. Umemtoa aliwe ili umfunge mfalme wangu. Nimeshindwa. Sasa umeiva."

Nikamfuata wifi.

"Si niliifunga tu ile tatu ikawa nane," akasema, anacheka. "Niliupanga ubao wako kwenye kompyuta, nikaiuliza. Wewe wifi ungemficha huyo malkia mpaka Idi."

"Na pale nilipoandika mkono wangu?"

"Kwani mkono si wako? Mimi nimeongeza kijimstari."

"Mwalimu kafurahia kitu ambacho si changu."

"Basi mwache afurahi, mzee wa watu."

Sikuweza kumwacha. Nikamwandikia mwalimu ukweli wote, kwamba mshindi wa mchezo ule ni yeye. Hakujibu. Nikaandika tena, kadi hiyo nikaipeleka Posta mwenyewe. Kimya. Sijui zilipotea, au alikasirika, au alitangulia mbele ya haki huku anaamini nimeiva. Kila nikisali namwombea, halafu nabaki kwenye mswala najiuliza kama ananihesabu muongo.

Ndiyo maana nakuomba, shoga, uwasimulie na wengine. Hasa ukikutana na mtu wa Tabora. Mwambie huko kuna mzee mmoja, alikuwa mwalimu wa ngumbaro, akicheza sataranji kwa kadi na mwanafunzi wake wa Kariakoo. Amfikishie habari kwamba ile nane haikuwa mkono wangu. Mimi nilicheza tatu.