Ule Mlio Niliomwekea Mama Achieng'

Msinicheke. Ama chekeni tu, maana soko zima la Toi limeshacheka, hata mama wa chapati siku hizi ananiuliza "umekohoa leo?" kabla aniwekee maharagwe. Mimi ni Wafula, fundi wa viatu vya mitumba pale sokoni, na siku ile nilienda Kawangware kuomba mke nikarudi kwangu Silanga na aibu tupu, yote juu ya mlio wa simu. Na hasira bado ninayo, wacha niseme.

Kazi yangu ni ya gundi. Mikono ikishajaa gundi napokea simu na kiwiko, siangalii ni nani, nasema tu "Niaje, leta story!" kwa sababu wateja wangu wengi ni vijana. Sasa Mama Achieng', mamake msichana wangu, ni Mjaluo wa heshima zake, wale ambao mkwe mbele yao hata kutafuna anatafuna kwa adabu. Nikimwambia huyo niaje, harusi imeisha kabla ianze. Ndio nikaamua (hapo ndipo nilijichimbia shimo) nimwekee mlio wake peke yake. Nikajirekodi: "Wafula, kohoa kwanza! Toa chakula mdomoni! Huyo ni mama mkwe!"

Kwa simu yangu ya zamani ilikuwa kazi ndogo: fungua jina la mtu, bonyeza zile doti tatu, chagua mlio, kwisha. Nilikuwa napokea simu zake na sauti ya pastor. Halafu ile simu ikaanguka kwa mtaro, nikanunua second-hand ya zile za watu wa kujiringa, na jameni, nikakiona cha mtema kuni! Nani alikaa mahali akaamua mtu asiweke sauti yake mwenyewe kwa simu yake mwenyewe? Ati kwanza uipitishe kwa programu ya kutengeneza nyimbo. Nyimbo! Mimi ni mtu wa soli! Nikampelekea Kevo, fundi wa simu jirani yangu pale Toi, nikamwambia aniwekee mlio wa mama mkwe, akabonyezabonyeza, akanirudishia. "Imeingia, bro." Sikuijaribu. Mjinga ni mimi, lakini Kevo ni zaidi.

Siku yenyewe ikafika. Tumeketi kwa Mama Achieng' huko Kawangware, sehemu wanayoiita Kongo, mimi na suti ya kuazima, Achieng' anapakua samaki, na tunamngoja Anko wangu aliyefaa kunisemea (mwenye kuoa hajisemei, hiyo mnajua). Anko alikuwa amepotelea kwa vile vichochoro, ndio maana sikuzima simu. Mama akasema tuanze kula. Nikatia tonge mdomoni, na hapo hapo mfuko wangu ukapiga kelele, sauti yangu mwenyewe, kama mhubiri wa steji ya matatu:

"Wafula, kohoa kwanza! Toa chakula mdomoni! Huyo ni mama mkwe!"

Kumbe ni Anko anapiga! Kevo alikuwa ameweka ule mlio kwa kila mtu duniani! Nikabonyeza kando vile nilivyozoea kwa simu ya zamani, nikafinya pande zote mbili pamoja, simu badala ya kunyamaza ikapiga picha ya skrini. Swichi ya kuinyamazisha iko ubavuni, imefunikwa na kava, nani aliniambia? "Toa chakula mdomoni!" ikarudia. Na mimi, kwa woga, nikakitoa. Nikalitema lile tonge kwa sahani, mbele ya mkwe. Wueh!

Mama akasukuma sahani yake kando. "Mama mkwe ni nani?" akauliza polepole. "Nani alikwambia nimekubali?"

"Mama, ni simu tu," Achieng' akajaribu.

"Nyamaza. Mjomba wake hajafungua mdomo, na huyu ameshaniandika kazi."

Anko alipoingia na kreti ya soda, jasho linamtoka, kulikuwa hakuna tena mtu wa kusemewa. Tukaambiwa tutaitwa. Achieng' alinisindikiza hadi mlangoni, na alichoniuliza ni kimoja tu: "Lakini Wafula, kwa nini ulilitema?"

Kesho yake nikamwendea Kevo nikiwa nimewaka. "Si uliniambia niweke? Nimeweka," akasema, bila haya! Nikamfanya aufute mbele yangu, arudishe ule mlio wa kiwandani, nikaapa mimi na kujirekodi tumeachana kabisa. Halafu nikangoja kuitwa. Nikangoja hadi nikaanza kukonda.

Juzi niko kazini, gundi hadi kwa vidole vya mwisho, chapati imejaa mdomoni, simu ikalia kama ya kila mtu. Nikaipiga kiwiko.

"Niaje, leta story!"

Nikasikia pumzi ndefu.

"Wafula."

Chapati ikanikwama. "Ndio, Mama."

"Jumamosi mkuje. Na mjomba wako asipotee tena."

"Asante, Mama. Asante sana, Mama."

"Na ile kelele yako ya mama mkwe," akasema, "irudishe."