Pijini Niliyoikosa Ijumbi

Niliondoka Hamugembe, hapa Bukoba, asubuhi nimefura. Wifi yangu Adelina, mke wa kaka yangu, mwenye duka pale Nshamba, wilaya ya Muleba, alikuwa amemkataza binti yake Koku kwenda likizo kwa mama yangu, Ijumbi. Eti mtoto akitoka huko anaongea pijini, Kihaya na Kiswahili chungu kimoja, na shuleni watamcheka. Mama alinipigia simu analia. Mimi nafundisha isimu chuoni; neno hilo ndilo kazi yangu, na njia nzima hadi Muleba nilikuwa nabishana na wifi peke yangu kimoyomoyo.

Nshamba sikukaa hata kitini. Nikamweleza kwamba pijini huzaliwa pale wageni wasio na lugha moja wanapokutana kwa biashara au kazi: maneno machache, sarufi nyepesi, na si lugha mama ya yeyote. Watoto wakizaliwa humo wakaikuza ikawa yao, wengi tunaiita krioli, ingawa wataalamu bado wanagombania mpaka huo. Mwenye lugha mbili kamili anayechanganya hayumo humo kabisa. Wifi akaniangalia.

"Hayo ya vitabuni, wifi. Twende ukamsikie mwenyewe akiwa na bibi yake."

Akafunga duka, tukaondoka na Koku.

Ijumbi tulimkuta Mama na mgeni, bwana shamba mpya kutoka Dodoma. Yeye Kihaya hajui, Mama Kiswahili hana. Mama alikuwa amempa akamwani, kahawa ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni, naye akadhani ni sampuli ya mavuno. Alikuwa anaipasua kwa kucha, analalamika kwamba imekaushwa vibaya. Mama alikuwa amenuna kwelikweli.

Koku alipiga magoti akamsalimia bibi yake, akamsikiliza, kisha akamgeukia mgeni.

"Bibi anasema hiyo si ya kukagua. Amekupa kwa heshima. Itafune."

Halafu akamwombea mgeni radhi kwa Kihaya, taratibu, kama mtu mzima. Hakuchanganya hata neno moja. Bwana shamba akatafuna, macho yakamtoka kwa uchungu wake, Mama akaangua kicheko. Nilijivuna jamani, nusura nipige vigelegele.

Wifi akamwambia Mama kwamba Koku atabaki hapo mpaka shule zifunguliwe.

Nilirudi Bukoba jioni nikiwa nimeelewa somo langu kuliko ninavyolifundisha. Mama na bwana shamba, wakiachwa wawili pale msimu mzima, ndio wangeanza kutunga pijini. Hawakuihitaji, kwa sababu katikati yao alikaa Koku.